Picha ya Hadiya Imerudi Nyumbani

Mwanapili binti Chirau,
Njia ya Zahanati,
S.L.P. 112,
Msambweni, Kwale.

Ijumaa, 9 Mei 2025.

Mpendwa mwanangu Ramadhani,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta u mzima, umekula ukashiba, na joto la huko Doha halijakuzidi nguvu. Je, kifua kinaendeleaje? Ulipokuwa mdogo kilikuwa kikikubana kila ulipokaa penye vumbi, na naambiwa huko vumbi halina likizo. Usiache maji ya moto asubuhi. Nimempa rafiki yako Hesbon tangawizi akuletee. Nimeisaga mwenyewe, si ile ya dukani iliyochanganywa na unga.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Goti langu la kulia linanisumbua nikipanda baiskeli, lakini nikilisikiliza goti nitakaa ndani kama bibi harusi. Babako amepata miwani mipya na sasa anaona makosa ya kila mtu. Masika yalichelewa, yakaja kwa fujo, yakaondoka na nusu ya mihogo yangu ya kule bondeni.

Najua umeshangaa kupata karatasi siku hizi. Simu zangu hupokei. Sauti ninazokutumia huzifungui, na tangu wiki ya Idi nikaambiwa nimefungiwa kabisa. Mimi shangazi yako, niliyekutawaza mpaka ukaweza kuchutama mwenyewe, leo nafungiwa mlango wa simu! Haya, karatasi haifungiwi. Hesbon anarudi huko Jumapili na ameniahidi kukupa mkononi na kusimama hapo mpaka uimalize. Kwa hiyo kaa kitako, mwanangu, nina mengi.

Nianze na kosa langu, ili usiseme nimekuja kukuhukumu.

Mwaka jana mwezi wa Juni nilikuwa kwenye mzunguko wangu wa kupima watoto. Unaijua kazi yangu: nyumba kwa nyumba na ule utepe wa kuzungushia mkono wa mtoto, kijani ni salama, manjano ni hatari, nyekundu ni mbio kwenda kliniki. Nilifika kwako, nikamkuta Twaiba amejifunika na mtoto amelala. Akaniambia Hadiya ana homa tu. Nikamchukua, nikamfunga utepe, ukasoma nyekundu. Miezi kumi na minne, Ramadhani, na mkono wake ulikuwa kama kijiti cha mswaki. Nilimwuliza mkeo mtoto anakula nini. Akasema anakula vizuri. Nikamgombeza mbele ya majirani, na leo ninajuta kila neno.

Shingoni mwa mtoto palikuwa na pingu, kile kifuko cheusi cha dawa. Mamako, wifi yangu Mwanamkuu, ndiye aliyemfunga. Wewe umekulia huku, huhitaji kufundishwa pingu ile ni ya nini. Mtoto anyonyaye akikonda, akabaki macho na mbavu, watu hawaulizi amekula nini. Wanauliza mamake amelala wapi. Ni chirwa, wanasema, mama ametoka nje ya ndoa na maziwa yake yamemwunguza mtoto. Na mume akiwa safari, hapo hata shahidi hatafutwi. Miaka kumi na mmoja nimezunguka vijiji hivi nikisema chirwa ni njaa, chirwa ni njaa, na nyumbani kwa kaka yangu mwenyewe pingu ikafungwa nisijue.

Wiki ile ile wakaja watu wa kampeni. Wanaiita Sahani ya Mtoto, ina ofisi Ukunda lakini makao yake ni Ulaya. Kazi yao ni kuzisumbua serikali kubwa za dunia zitoe chakula cha tiba kwa watoto waliokonda, na ni kazi njema, sitakudanganya. Walikuwa na mpiga picha. Nikawapeleka kliniki, na Hadiya alikuwa pale kwenye mkeka. Mpiga picha alipomwona hakutaka mwingine. Nilinyoosha mkono niifungue ile pingu, akanizuia, ati iache, inapendeza kwenye mwanga. Nikaiacha.

Twaiba alipopewa karatasi ya ruhusa aliniuliza swali moja tu. "Shangazi, wataiona huku?" Nikamjibu, "La, mwanangu, hii ni ya Ulaya." Akatia sahihi kwa kuniamini mimi. Nami sikusema uongo kwa kukusudia. Nilidhani watu wa Ulaya hawajui kuisoma pingu, wataona mtoto mwenye njaa na watatoa walicho nacho. Nilijua picha huenda. Sikujua hurudi.

Na nikwambie ukweli wote, nilifurahi. Mimi mwenyewe niko pembeni mwa picha ile, nimeshika utepe, uso umeng'aa. Nilijiona mtu.

Hadiya alikula zile pakiti za njugu za kliniki wiki kumi, akanenepa, akatembea. Nilidhani mambo yameisha. Mwezi wa Februari mwaka huu picha ikatoka. Ikabandikwa vituo vya treni huko kwao, ikaingia kwenye simu, na kutoka simu hadi simu ikafika Lunga Lunga, ikafika Ramisi, ikamfikia wifi yangu akiwa anapepeta mchele. Wazungu waliona njaa. Msambweni nzima ilisoma zinaa. Mamako akakutumia wewe, na siku tano kabla ya mwezi mtukufu ikaja sauti yako kwenye simu ya babako: Twaiba binti Mwinga, talaka moja. Kwamba picha imekuvua nguo mbele ya ulimwengu, na aliyekubali pingu amekwishakiri.

Mkeo aliipitisha Ramadhani nzima akiwa katika eda. Na eda yenyewe hakuachwa aikalie nyumbani kwako kama sheria inavyotaka. Mamako alimwandalia kapu lake, akarudishwa Ramisi kwa babake, mzee Mwinga, ambaye tangu aache kukata miwa hana hata nguvu ya kugombana.

Nilikwenda Ukunda kuomba picha iondolewe. Nilionana na Sumaiya, msichana wa ofisi yao, mtoto mwenye adabu. Nikamweleza chirwa ni nini. Alilia, masikini, akapiga simu Ulaya hapo hapo. Jibu likaja kwamba wanasikitika sana, zilizokwisha kusambaa hazirudi, lakini kwenye mkutano mkubwa wa mwezi huu wanaweza kuweka picha nyingine. Sharti niwapatie mtoto mwingine kabla ya Ijumaa. Nyekundu kwenye utepe, mama aliyetia sahihi. Wakanipa kamera ndogo.

Niliitia mkobani nikaenda kwa Mbodze, yule mjane anayeuza viazi vya karai njia ya hospitali. Mjukuu wake alikuwa amesoma nyekundu siku ile ile. Mbodze aliposikia kuna wageni wa kampeni wanataka kumsaidia, akaanza kumpangusa mtoto uso, akamvalisha shati la Idi, akamtia wanja. Alikuwa akicheka. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkoba umeshika kamera, na haukutoka. Binti yake, mama wa mtoto yule, anafanya kazi hotelini Diani, hana mume. Nilijua watakachosema. Nikapima uzito, nikaandika, nikaondoka.

Kwa hiyo picha ya Hadiya imebaki. Nilipomwambia Twaiba, hakunilaumu. Alisema, "Mimi nimeshatota, shangazi. Usimtoteshe na mwingine."

Sasa utasema, basi si uachane nao hao watu wa kampeni? Nimewaza, wallahi. Lakini sikiliza. Mwezi wa Machi kliniki ilikaa wiki tatu bila pakiti hata moja, kwa sababu nchi zilizokuwa zikitoa zimerudisha mkono mfukoni. Nilipima watoto, nikaona nyekundu, nikawaambia mama zao warudi nyumbani wakapike uji wa mtama, wakati najua mtama hawana. Mjukuu wa mzee Baya hakufika wiki ya pili. Mimi ndiye niliyemfunga utepe wa mwisho.

Na huo mkutano wa dunia ndio wa kuzibana nchi hizo zirudishe. Wamenichagua niseme dakika tatu. Tikiti imekuja, viza imekuja, na koti nililopewa ni zito kama godoro, nikilivaa wajukuu wa jirani wanakimbia. Ndege ni tarehe ishirini. Nikikataa, Sumaiya anasema nafasi yetu atapewa mtu wa nchi nyingine na habari za huku hazitasikika. Nikienda, nitasimama na nyuma yangu picha ya Hadiya yenye ukubwa wa ukuta, pingu na yote, na itarudi tena huku mpya, na safari hii ikiwa na sauti yangu. Niende, namchoma Twaiba. Nisiende, nawaacha watoto wa Machi. Nimegeuka kila upande sijaona mlango.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mpaka Jumanne iliyopita, nikidhani nimebanwa kadiri mtu anavyoweza kubanwa. Kumbe bado.

Jumanne alikuja Hesbon, rafiki yako, kuleta gauni ulilomtumia Hadiya, ambaye siku hiyo nilikuwa nimemleta kwangu kutoka Ramisi nimpime. Nikamkaribisha chai na mahamri. Kijana mcheshi, ila Kiswahili chake kinahitaji kufuliwa. Nikamwambia kwa maneno ya kupitisha wakati tu kwamba mwaka jana mtoto huyu alikaribia kufa. Akaniuliza mwezi gani. Nikamwambia Juni. Akaweka kikombe chini. "Auntie, kwani Rama hakuwaambia? Si kampuni ilifungwa Januari! Tulisota miezi mitano, auntie. Hakuna kazi, hakuna kurudi, hata passport hatuna. Tulikuwa tunaishi na wali ya msikiti, mimi na Ukristo wangu."

Ramadhani, nilirudisha hamri sahanini.

Akaniambia ulikonda mpaka ukatoboa mshipi wako matundu mawili mapya kwa msumari, na bado suruali ilikuwa ikikuanguka. Alikuwa akicheka akinisimulia, vile mtu anavyocheka jambo lililokwisha. Mimi nilikuwa namtazama Hadiya akicheza na lile gauni. Miezi ile ile wewe ulikuwa ukitoboa mshipi huko, mimi nilikuwa nikifunga utepe huku.

Nilikodi bodaboda jioni ile ile, nikamrudisha Hadiya Ramisi. Nilimkuta mkeo anaanua nguo. Nikamwuliza, naye alipoona nimekwishajua kwa Hesbon akakaa chini kwenye majani, nguo zikiwa mapajani. Hakuna alichonieleza ambacho hukijui. Kwamba ulimpigia ukilia. Kwamba ulimwapisha asimwambie mtu yeyote kwamba huna kazi, na mamako akiuliza ajibu kuwa unatuma na pesa zinafika. Kwamba alikuwa akimpa Hadiya maji ya wali na chai ya rangi, yeye mwenyewe akifunga sunna siku tano kwa wiki ili watu wasishangae hapiki. Na mamako alipoanza kuuliza pesa za mwanawe zinaliwa na nani, mkeo alinyamaza. Ukimya ule ndio ulioifunga pingu shingoni mwa mtoto.

Mwanangu, nitakuuliza jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Hadiya alikonda kwa zinaa ya mamake, sivyo? Haya, na wewe? Yale matundu mawili kwenye mshipi, wewe ulikondeshwa na zinaa ya nani?

Nimeyaandika hayo kwa hasira, na siyafuti.

Lakini pia nakujua. Tulikusomea maulidi ulipoondoka, babako akauza fahali, mamako akatembea kijiji kizima akisema mwanawe amekwenda kuwajengea nyumba ya vigae. Kurudisha sauti na kusema nina njaa ni mlima. Najua, na haukuwa ukatili, ilikuwa aibu. Ila wahenga hawakukosea waliposema mficha uchi hazai. Ungesema neno moja mwezi wa Februari mwaka ule, ningepeleka pishi ya mchele, na Hadiya asingefika kwenye mkeka ule, na mpiga picha angempita.

Sasa sikiliza vizuri. Jumamosi ijayo, tarehe kumi na saba, baada ya alasiri, kuna kikao cha ukoo sebuleni kwa babako. Watakata shauri la Hadiya, kwamba achukuliwe Ramisi aletwe kwa mamako, kwa kuwa hawezi kulelewa na mama wa namna ile. Twaiba hakuitwa, na asiyekuwapo na lake halipo. Mimi nitakuwapo. Ningeweza kusema maneno kumi na kikao kikavunjika. Lakini jioni ile Ramisi mkeo alikwenda ndani akatoka na msahafu, akanishikisha. Nimeapa kwamba siri yako haitatoka kinywani mwangu kwenda kwa mtu yeyote. Kwako wewe sijaivunja ahadi, maana siri ni yako.

Na eda inaelekea ukingoni. Mambo hayo hayaandikwi kwenye barua, lakini wewe ni mtu mzima na umeoa: mara mbili zimepita, ya tatu tunaihesabia siku kumi na mbili. Zikiisha, hata ukijuta, itakuwa posa mpya na mahari mapya, na sidhani mzee Mwinga atakufungulia mlango.

Ninachokuomba si kikubwa kwa mtu mwenye ulimi. Chukua mashahidi wawili Waislamu, Hesbon mwache apike chai, useme umemrejea mkeo. Kisha mpigie babako. Si kwangu, kwa babako. Mweleze ile miezi mitano wewe mwenyewe, mshipi na wali wa msikiti na vyote, kabla ya Jumamosi alasiri. Atavua miwani. Halafu atakuuliza kama siku hizi unakula. Ninamjua kaka yangu.

Ukinyamaza, nami nitanyamaza, kwa kuwa nimeapa. Nitakaa kwenye mkeka nikiwasikiliza wakimgawa mtoto. Na siku ya tatu yake nitapanda ndege niende kuwaambia wakubwa wa dunia kwamba njaa si aibu ya mama, na mimi huyo huyo nimeshindwa kulisema hilo sebuleni kwa kaka yangu. Ile hotuba nimeirudia kila siku mbele ya kioo. Tangu Jumanne siwezi kuimaliza.

Babako Suleiman anakusalimu sana, na anauliza kama huko kuna miwani ya bei rahisi. Mamako anakusalimu kila nikimwona. Hajui kama nakuandikia, nawe usimwonee hasira, aliogopa kumpoteza mjukuu na akashika alichokijua. Nduguyo Idris amepata leseni ya lori na sasa analala zaidi Mackinnon Road kuliko nyumbani. Hadiya hajambo. Utepe wake unasoma kijani mpaka ukingoni, na amejifunza kusema hapana, basi hutumia neno hilo kutwa.

Mola akulinde na ugeni, akupe riziki ya halali na kifua cha kuyabeba haya, na atukutanishe tukiwa na nyuso za kutazamana.

Twaiba hakuwa na salamu. Nilimwuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Alikuwa akimkata Hadiya kucha, akazimaliza zote kumi, akapuliza vumbi kwenye kiganja cha mtoto, ndipo akasema, "Mwambie mimi sijasema."

Wako akupendaye hata ukimfungia mlango,
Shangazi Mwanapili.